Njia Kutoka Udongoni Hadi Mdomoni

Hotuba hii, juu ya metali za sumu kwenye udongo wetu, niliitoa hapa Lubumbashi, Kongo, Jumamosi baada ya salongo, ile kazi yetu ya pamoja ya usafi, mbele ya wakulima wa mboga, wamama wa soko, mashefu wa avenyu (viongozi wa barabara zetu) na vijana wa kartie, yaani wa mtaa. Wengi waliokosa kufika wameomba kuisoma. Nimeiandika kama nilivyoisema, bila zile picha za ukutani.

Jambo yenu wote, wababa, wamama, mashefu wetu, vijana. Asanteni kwa kuja moja kwa moja kutoka kwenye salongo, majembe mmeyaegemeza nje na viatu bado vina udongo. Msivifute. Huo udongo ndio uliotukutanisha.

Nianze na wazee wetu. Kabla ya kampuni ya migodi ya Union Minière kuundwa mwaka 1906, kabla ya tanuru la kwanza kuwashwa hapa mwaka 1911, watu wa nchi hii walikuwa wakiyeyusha mawe ya kijani na kumimina misalaba ya shaba. Msalaba ule ulikuwa mali. Ulikuwa mahari. Mwaka 1960 uliwekwa hata kwenye bendera ya Katanga, jimbo letu la wakati ule. Na mabwana wa kazi ile waliitwa wala-shaba, maana yake shaba ndiyo iliyowalisha. Lilikuwa jina la sifa.

Leo nauliza: ni nani anayekula shaba Lubumbashi? Ni mtoto wa miaka miwili anayetambaa uani mwezi wa nane, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope, halafu anatia vidole mdomoni. Huyo anaila kweli, kwa meno. Na hali shaba peke yake. Mawe yetu hayaji na metali moja tu. Pamoja na shaba kuna kobalti, kuna risasi, kuna kadimi, kuna arseniki. Kwa mtoto huyo jina la wala-shaba si sifa hata kidogo.

Mimi ni mtu wa udongo. Kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kubeba mifuko ya udongo kutoka mashambani na nyuani, kuipeleka maabara, na kurudi na karatasi ya majibu. Na swali ninalopokelewa nalo getini ni lile lile: "Agronomi, udongo yangu iko muzuri ao mubaya?"

Swali hilo, jinsi lilivyo, siwezi kulijibu. Ngoja niwaeleze kwa nini.

Kuna avenyu moja ambako nilichukua udongo katika parseli mbili zinazotazamana. Majibu yaliporudi, namba zilikuwa karibu sawa. Shaba nyingi, kobalti, risasi. Ukisoma karatasi tu, utasema nyumba hizi zina shida moja. Lakini ingieni nami ndani.

Mama wa parseli ya kwanza ni mwanamke wa usafi. Alfajiri unasikia fagio lake kabla ya jogoo wa pili. Kwetu ua safi ni ua uliofagiliwa hadi nyasi ya mwisho imeng'oka, ukabaki udongo mtupu wenye michirizi ya fagio. Mama zetu walitufundisha hivyo, kwa sababu ya nyoka na kwa sababu ya heshima ya nyumba, na hawakukosea. Lakini kila alfajiri lile fagio lilikuwa likiinua vumbi, vumbi likaingia dirishani, likatua kwenye sufuria, kwenye godoro, kwenye viganja vya watoto. Simlaumu mama yule. Alifanya alichofundishwa, na hakuna mtu wa kiwanda wala wa serikali aliyewahi kubisha hodi kumwambia kilichomo kwenye vumbi lake.

Parseli ya pili ni ya bibi aliyezeeka. Mgongo haumruhusu kufagia. Nyasi zimeufunika ua, kuna mwembe, kuna njia ya matofali kutoka getini hadi mlangoni, na kando ya mlango kuna kidumu cha maji chenye tobo. Wajukuu wananawa hapo kabla ya kushika bukari, yaani ugali. Bibi ni mkali juu ya hilo.

Udongo ule ule. Namba zile zile. Hatari mbili tofauti kabisa.

Mmeona? Ili hatari iwepo, vitu vitatu sharti vishikane mikono. Kuna chanzo, yaani mahali sumu ilipo. Kuna njia, yaani inavyosafiri. Kuna mwili unaoipokea. Uingereza waliiingiza hesabu hii ndani ya sheria yao ya mazingira ya 1990, katika sehemu iliyoanza kutumika England mwaka 2000. Kwa sheria hiyo ardhi haihesabiwi kuwa chafu kwa sababu tu ina sumu. Lazima ionyeshwe kwamba chanzo, njia na mpokeaji vimeungana. Kimoja kikikatika, vingine viwili havina nguvu. Semeni nami: chanzo. Njia. Mwili. Tena: chanzo. Njia. Mwili.

Sasa chanzo chetu mnakijua, kinaonekana hata kutoka barabara ya uwanja wa ndege. Ile shemine ndefu, bomba la moshi la kiwanda, na ule mlima mweusi wa terili, mabaki ya kuyeyusha shaba. Wazee waliitazama shemine kila asubuhi. Ikitoa moshi, kuna mshahara, kuna unga, kuna daftari za shule. "Union Minière njo baba, njo mama," walisema, na kampuni ya serikali, Gécamines, ilipochukua nafasi yake mwaka 1967 watu waliendelea kusema hivyo. Mzazi yule alilisha, alitibu, alisomesha. Mimi mwenyewe ni mjukuu wa mshahara ule. Lakini moshi wake wa salfa uliunguza miti na kuutia udongo ukali, na metali zilizokuwa ndani ya moshi zikaanguka zilikopelekwa na upepo. Upepo wetu wa kiangazi hutoka kusini-mashariki. Basi nendeni upande wa kaskazini-magharibi wa kiwanda, nendeni Penga Penga, mtaona ardhi iliyokaa uchi miaka makumi. Yote mawili ni kweli, mkate na sumu, na tukisema moja na kuficha la pili tunawadanganya watoto.

Je, metali hizo zimeingia miilini mwetu, au ni maneno ya agronomi? Mwaka 2009 Profesa Célestin Banza wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti waliofanya hapa Katanga kwa kupima mkojo wa watu. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka kwenye migodi na viwanda walikuwa na metali nyingi kuliko waliokaa mbali. Kobalti yao ilikuwa miongoni mwa viwango vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa kwa watu wa kawaida, watu ambao hawashiki mashine yoyote kiwandani. Na mwaka 2020 ukatoka utafiti mwingine wa hapa hapa Lubumbashi. Watafiti waliwalinganisha watoto 138 waliozaliwa na kasoro za mwili zinazoonekana na watoto 108 waliozaliwa bila kasoro. Pale ambapo baba alifanya kazi ya madini, uwezekano wa kasoro ulikuwa zaidi ya mara 5.

Wababa mnaochimba, msinyanyuke kwa hasira wala kwa huzuni. Utafiti ule umeonyesha uhusiano; haukusema kwamba mtoto fulani aliumia kwa sababu ya baba fulani. Lakini unatulazimisha kuzitazama njia. Baba anarudi kutoka mgodini na nguo za kazi, mtoto anamkimbilia, anakumbatiwa. Nguo zile zinaloweshwa kwenye beseni moja na nepi. Hiyo ni njia. Badili nguo kabla ya kuingia ndani, zifuliwe peke yake, kwenye beseni lake. Gharama yake ni beseni moja. Na wamama wajawazito, mnajua nataka kusema nini: pemba. Udongo ule mweupe unaouzwa sokoni kwa mafungu hauna karatasi inayosema umechimbwa wapi. Hapo hakuna hata haja ya vumbi, tunaubeba wenyewe kwa mkono hadi mdomoni.

Sasa wakulima wa mboga. Ninyi mnaomwagilia kando ya mto Lubumbashi na mto Kafubu, nimewaona mkichota maji tangu saa kumi na moja alfajiri. Nina deni la ukweli kwenu.

Shemeji yangu alinunua parseli yenye shimo. Kijana wa lori akamletea mchanga mweusi wa bei nafuu, magari matano. Shemeji hakuuliza umetoka wapi. Mvua zilipofika akapanda mahindi. Yaliota, yakafika magotini, halafu yakageuka manjano na kusimama. Akaongeza mbolea, manjano ikazidi. Nilipofika nilijua kabla ya kupima, kwa sababu shaba ikizidi udongoni huuzuia mmea kuvuta chuma, na mmea usio na chuma hupauka hivyo. Alilia kwa hasara, lakini nilimwambia shukuru, mmea umekuonya. Shaba huuchoma mmea mapema, mkulima anaona, anaacha.

Kadimi haina uungwana huo. Lengalenga, yaani mchicha, hunawiri. Majani mapana, kijani kizito, ndiyo mama anayoyachagua ya kwanza kwenye meza ya soko. Na kadimi iko ndani ya jani, inakwenda kukaa kwenye figo za mlaji kwa miaka makumi. Kuosha mboga kunaondoa vumbi lililotua juu, na mnapaswa kuosha, mara mbili, kwa maji safi. Lakini kilichopandia mzizini hakioshwi. Ndiyo maana nawasihi wenye bustani karibu na kiwanda: sehemu iliyopimwa ikaonekana mbaya, msipande mboga za majani. Pandeni mahindi, au miti ya matunda. Mara nyingi mbegu na tunda hubeba metali kidogo kuliko jani. Anayetaka lengalenga ainue tuta kwa udongo safi ulioletwa kutoka mbali, ulioulizwa asili yake, tuta refu kiasi kwamba mizizi haifiki chini.

"Ulioulizwa asili yake." Neno hilo ndilo nataka mwende nalo nyumbani, maana mji unapanuka, parseli zinauzwa kila wiki, na muuzaji anakuonyesha hati, anakuonyesha mipaka, hakuonyeshi historia.

Sikilizeni kisa cha Marekani. Karibu na maporomoko ya Niagara, jimbo la New York, kulikuwa na mfereji ulioachwa bila kumalizika, Love Canal. Tangu miaka ya 1940 kampuni ya kemikali ya Hooker ilimwaga humo tani zipatazo 21,000 za taka za sumu, ikafunika kwa udongo. Mwaka 1953 ikaiuzia ardhi ile bodi ya shule. Kwa bei gani? Dola 1. Shule ikajengwa. Nyumba zikajengwa. Watoto wakacheza. Miaka ikapita, mvua zikaja, na vitu vyenye harufu vikaanza kupanda juu, kwenye vyumba vya chini vya nyumba na uani. Mama mmoja, Lois Gibbs, ambaye mwanawe alisoma shule ile na akawa mgonjwa, alibisha mlango hadi mlango akiuliza magonjwa ya kila nyumba. Mwaka 1978 Rais Carter akatangaza hali ya dharura, familia mamia zikahamishwa, na mwaka 1980 nchi ikapata sheria ya kusafisha ardhi za namna hiyo.

Dola 1, ndugu zangu. Bei ikiwa ndogo kupita kiasi, uliza ardhi inaficha nini.

Uulize nani? Anza na mzee wa avenyu: hapa palikuwa nini kabla ya nyumba? Karakana? Ghala la reli? Mahali pa kuyeyusha betri? Shimo la taka? Halafu tembea mwenyewe. Tazama pale ambapo nyasi zinakataa kuota. Tazama mawe ya kijani, mchanga mweusi unaong'aa, maji yenye rangi. Tazama maua, kwa sababu nchi hii imejaliwa mimea inayopenda shaba. Wataalamu wanaita mmoja Haumaniastrum katangense, na wachimbaji wa zamani waliufuata kama mtu afuataye kibao cha barabara. Hapa niwe mwaminifu: kuna vilima vyetu vyenye shaba tangu Mungu alipoviumba, bila kiwanda chochote. Kwa hiyo ua la shaba halimshtaki mtu. Linakuambia tu simama, pima kwanza, kabla hujamwaga simenti.

Na tukishajua, tunafanya nini? Wengi wanafikiri kuna mawili tu: kuhamisha mlima au kuhama sisi. Hapana. Rudini kwenye yale matatu.

Pale Penga Penga watafiti wa kitivo cha kilimo cha UNILU walitafuta nyasi fupi ya asili, Microchloa kunthii, inayovumilia shaba. Wakauchanganya udongo na chokaa na mboji, wakaipanda. Ilishika. Sumu haikuondoka, bado iko palepale chini. Lakini udongo ulipovaa nguo, vumbi lilipoteza njia. Hiyo ndiyo hekima ya yule bibi na nyasi zake, na alifika huko bila maabara. Kwa hiyo wamama: pale watoto wanapochezea, acheni nyasi, au wekeni matofali, au mwageni changarawe safi. Mkifagia, nyunyizieni maji kwanza. Viatu vibaki mlangoni. Mikono inawe kabla ya chakula, kila mara, hata kama mtoto anasema hajashika kitu.

Juu ya chokaa nina onyo. Chokaa huituliza shaba, zinki na kadimi, kwa sababu inapunguza ukali wa udongo. Lakini arseniki huweza kulegea na kutembea zaidi. Kwa hiyo asije mtu akawauzia chokaa kama dawa ya kila udongo. Pima kwanza.

Na mpangilio una maana. Mwaka 2010, Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya risasi. Wazazi wao walikuwa wakisaga mawe ya dhahabu nyumbani, uani, na mawe yale yalijaa risasi. Madaktari wa Médecins Sans Frontières walikuwa na dawa ya kuitoa risasi mwilini. Lakini walisisitiza ua usafishwe kwanza, udongo wa juu uondolewe, ndipo mtoto atibiwe. Mnajua kwa nini? Mtoto aliyetibiwa akirudishwa kwenye vumbi lile lile, anaanza upya kula. Kasulo, kule Kolwezi, watu walichimba kobalti chini ya vitanda vyao. Krezeri, wachimbaji wadogo wa hapa mnaosaga na kuosha mawe uani, nawaomba kwa machozi: kazi hiyo itoke nyumbani.

Lakini nisieleweke vibaya. Nimewaambia muoshe, mpande, mfunike. Sijasema mzigo ni wa kwenu. Aliyeweka sumu ana deni. Vukeni mpaka wa Kasumbalesa, shukeni barabara ya Lusaka mpaka Kabwe, Zambia. Mgodi wa risasi wa pale ulifungwa mwaka 1994. Watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye bado wana risasi kwenye damu, na risasi huumiza akili ya mtoto hata kwa kiasi kidogo. Kampuni hufunga ofisi. Udongo haufungi.

Sisi tuna sheria. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 53, inasema kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya. Kuna sheria ya mazingira ya Julai 2011. Na Sheria ya Madini ya 2002, iliporekebishwa mwaka 2018, iliweka wazi kwamba mwenye kibali anawajibika kurekebisha madhara ya kazi zake hata kama hakuna kosa wala uzembe uliothibitishwa. Someni tena: hata bila kosa. Hamhitaji kuthibitisha kwamba mtu alikuwa mbaya. Mnahitaji kuonyesha chanzo, njia na mwili. Na hayo hayaonyeshwi kwa kelele barabarani, yanaonyeshwa kwa udongo uliochukuliwa vizuri na kuandikwa vizuri.

Basi tuanze. Pale mlangoni kuna mifuko safi ya plastiki na kalamu. Kila avenyu ichukue mitano. Kwenye bustani, tembeeni kwa mwendo wa zigizaga, chukueni udongo sehemu kumi hivi, kina cha kiganja kimoja, changanyeni kwenye ndoo safi, mtie mfukoni kiasi cha vikombe viwili. Mahali pa watoto kuchezea ni tofauti: kwaruzeni ule wa juu kabisa tu, unene wa vidole viwili, kwa sababu ndio unaoshika mikono yao. Msitumie sepetu yenye kutu, msichanganye bustani na ua. Andikeni avenyu, namba ya parseli, tarehe, na kitu mzee alichowaambia kuhusu mahali hapo. Hicho cha mzee msikisahau, mara nyingi kinanisaidia kuliko mashine.

Mama wa kitenge cha kijani pale nyuma, nimeuona mkono wako tangu nilipotaja pemba. Simama, mama, tunakusikiliza.